Gia ya Meno Mia na Ishirini na Saba

Karakana, 3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Natumaini u mzima na kwamba huko chuoni bado wanakulisha. Sisi hatujambo, ukiondoa yale unayoyajua. Mzee yuko vilevile: upande wa kulia haumtii na maneno hayatoki. Tumemhamishia chumba cha nyuma ya karakana, kitanda kimegusa ukuta, ili asikie kerezo likizunguka. Nikilizima mapema anagonga ukuta kwa mkono wa kushoto mpaka niliwashe tena, hata kama sina chuma cha kukereza. Basi nakereza hewa. Daktari alitaka kichwa kikae juu asije akapaliwa na mate, kwa hiyo shangazi amekiinua kitanda kwa vitu alivyookota humu ndani, ubao huku, chuma kule, akavifunga matambara visikwaruze sakafu. Kimesimama imara kuliko mimi.

Sasa nisikilize. Kiwanda cha mawe kimetuletea kazi: kukata skrubu ya meza inayosogeza mawe chini ya msumeno. Msimamizi wao amesema bila kuzunguka. Skrubu ikikubali, matengenezo yao yote yatakuja kwetu. Isipokubali, tusionane tena. Tangu Mzee aanguke wateja wanapita mlangoni, wanatoa pole, wanaendelea na safari. Bila kazi hii nafunga karakana mwaka huu, na sijui nitamweleza nini mtu anayesikiliza ukutani.

Tatizo ni kwamba kerezo letu ni la inchi na skrubu yao ni ya milimita. Gia ndizo zinazoamua uzi wa skrubu ukae karibu au mbali. Mzee alikuwa na gia moja kubwa ya meno 127, maana inchi tano ni milimita 127 kamili. Ukiifunga hiyo pamoja na ya meno mia, kerezo la inchi linakata milimita bila ubishi. Tangu tuhame-hame na vitanda, sijaiona. Nimepekua hadi nyuma ya matairi mabovu. Na kumwambia Mzee kwamba nimeipoteza siwezi. Ile gia aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, atazimika palepale.

Zamani ulinisimulia kuna hesabu ya kutafuta namba ndogo zinazofanya kazi ya namba kubwa. Nitafutie gia mbili ndogo. Lakini usinipe jibu tu, nieleweshe. Mzee alikuwa na majibu yote kichwani na sasa yamefungiwa humo. Sitaki kuwa fundi wa majibu.

Kaka yako,
Fundi

Bwenini, 12 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo, na mpe Mzee shikamoo yangu sikioni, upande unaosikia vizuri. Karatasi hii ina alama ya pasi pembeni, usiijali, tunapiga pasi na kuandika mezani palepale.

Hesabu yako inaitwa sehemu zinazoendelea, nayo haina miujiza. Chukua 127 kwa 100. Mia inaingia mara moja, baki 27. Hiyo moja iandike pembeni. Sasa geuza: uliza 27 inaingia mara ngapi kwenye mia. Mara tatu, baki 19. Andika tatu. Geuza tena: 19 ndani ya 27 ni mara moja, baki 8. Kisha 8 ndani ya 19 mara mbili, baki 3. Kisha 3 ndani ya 8 mara mbili, baki 2. Kila mara baki ya sasa inakwenda kuipima baki iliyotangulia. Unaendelea hivyo mpaka kisibaki kitu.

Pembeni utakuwa na 1, 3, 1, 2, 2, 1, 2. Hii ndiyo ngazi ya namba yako. Ukiishuka yote unafika kwenye 127 kwa 100 yenyewe. Ukisimama njiani unapata namba ndogo iliyo karibu nayo. Ukisimama mapema sana unapata 5 kwa 4, ambayo ni ya wavivu. Kisha 14 kwa 11, imezidi kidogo. Kisha 33 kwa 26, imepungua kidogo. Kisha 47 kwa 37, imezidi, lakini kwa punje tu. Zinakwenda hivyo, moja juu, moja chini, kila moja karibu zaidi kuliko iliyopita.

Kwa hiyo tumia gia ya 47 na ya 37. Tofauti na ile ya kweli haionekani kwa macho. Mwalimu wangu ameipitia hesabu yote akaisifu, kwa hiyo kata bila wasiwasi.

Mdogo wako,
Profesa

Karakana, 21 Februari

Profesa,

Nimeifanya mwenyewe kwa chaki sakafuni, kuanzia mlangoni hadi miguuni pa kerezo. Mara ya kwanza nilikosea, nikageuza bila kutoa ile namba nzima, nikapata upuuzi. Mara ya pili ikatoka vilevile kama yako. Nimejaribu na namba nyingine pia, hata na umri wa shangazi kwa umri wa Mzee, akanifukuza na ufagio.

Swali langu ni moja. Kwa nini tunageuza? Kutoa ile namba nzima nimeelewa, lakini kule kugeuza bado kunanipiga chenga.

Gia ya 47 ninayo. Ya 37 nimeichonga mwenyewe, siku tatu. Nikakata bolti fupi ya majaribio, nati ya milimita ikapanda yenyewe kwa kidole kimoja. Nikachukua bolti na gia yangu mpya, nikaenda kumwonyesha Mzee. Alitabasamu kwa ule upande unaoweza. Kisha akaitazama ile gia ya 37 muda mrefu, akaanza kuhangaika. Alipiga ubavu wa kitanda kwa mkono wa kushoto, halafu akaunyoosha mkono kuelekea chini, akapiga tena. Shangazi akamletea chombo cha kujisaidia, akakisukuma kwa hasira. Sasa kila nikiingia anafanya hivyo. Mimi nimekuja kufikiri anasema "mbali, kule mbali," yaani anakuuliza wewe. Nikimwambia "Profesa yuko masomoni, atakuja," analia.

Likizo ya mwezi ujao utakuja?

Kaka yako,
Fundi

Bwenini, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Tunageuza kwa sababu baki ni ndogo kuliko kipimo chako, na kipimo kikubwa hakiwezi kupima kitu kidogo. Kwa hiyo unakipa kile kidogo nafasi ya kuwa kipimo. Aliyekuwa anapimwa anapima. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Kuna wanaolieleza vizuri, mimi si mmoja wao.

Likizo sitaweza. Kuna masomo ya ziada na mtihani baada yake. Mwambie Mzee nikimaliza mtihani nakuja moja kwa moja, hata begi sitafungua. Asilie. Na wewe usinisimulie tena kwamba analia, kaka yangu, nakuomba.

Nimefurahi nati imepanda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo alivyokuwa akituambia kila kitu kikiharibika. Umeona sasa.

Mdogo wako,
Profesa

Karakana, 15 Machi

Profesa,

Skrubu imekamilika. Inang'aa. Ukiisimamisha inanipita kimo, na mimi si mfupi. Nilimwita jirani fundi seremala tukaibeba wawili kama jeneza, Mungu anisamehe kwa mfano huo. Urefu sikukuandikia mwanzoni kwa sababu ungesema kazi hiyo ni kubwa kwangu, niikatae. Sasa imekwisha, ndiyo nakwambia. Itapita kwenye nati mbili za shaba, moja mwanzo wa meza na nyingine mwisho, na Jumatano tunakwenda kuifunga kiwandani.

Mzee hajambo kidogo. Anakula. Soma kwa amani.

Kaka yako,
Fundi

Karakana, 18 Machi

Dada yangu Profesa,

Njoo. Mzee amezidiwa tangu jana asubuhi. Barua iliyopita nilikuandikia anakula, haikuwa kweli, sikutaka uingie kwenye mtihani na mawazo. Hii nimempa dereva wa basi aifikishe bwenini mkononi. Acha mtihani, utaurudia. Bado anapiga kitanda na kuonyesha kule. Njoo akuone.

Fundi

Bwenini, 24 Machi

Kaka,

Barua yako ya tarehe 15 nimeipata leo. Kama hamjaifunga ile skrubu, usiifunge. Nakuomba, simama hapohapo ulipo.

Ni kosa langu, sikukuuliza urefu. Kwenye bolti fupi 47 kwa 37 ni sawa na kweli, kwa sababu nati inashika nyuzi chache tu. Lakini kila uzi umezidi kidogo, na kile kidogo hakipotei, kinabebwa hadi uzi unaofuata, na unaofuata unaongeza chake. Kama nati mbili ziko mbali kwa zaidi ya mita moja, skrubu ikifika kwenye ile ya pili itakuwa imepishana nayo kwa robo ya milimita. Ya kwanza itapita kama siagi. Ya pili itabana, na wakiilazimisha kwa mota, shaba itaungua.

Pale tulitakiwa kushuka ngazi hadi chini, kisibaki kitu. Inahitaji ile gia ya 127 na hakuna nyingine. Itafute tena. Ukishindwa, rudisha kazi. Na lile la Mzee kunyoosha mkono, huenda hakuwa ananiuliza mimi hata kidogo. Huenda alikuwa anakuuliza urefu wa skrubu. Mwangalie vizuri akifanya tena.

Nijibu upesi kuhusu nati.

Profesa

Karakana, 2 Aprili

Kwa Profesa,

Barua yako ya tarehe 24 imefika. Nimeisoma mara mbili nikitafuta humo neno moja la pole.

"Mwangalie vizuri akifanya tena." Baba tumemzika Ijumaa tarehe 22. Nilikuandikia uje. Dereva aliniapia kwamba aliiacha bwenini mikononi mwa mlinzi. Tulimsubirisha maiti siku nzima zaidi kwa ajili yako, shangazi amekaa mlangoni, kila basi likisimama anainuka. Halafu inanifikia karatasi yako, robo ya milimita, siagi, shaba. Sikujua kwamba masomo yanaweza kumkausha mtu kiasi hicho.

Ya skrubu, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua: tulikwenda kuifunga Jumatano, maana msimamizi alikataa kuahirisha, nami nikamwacha Mzee na shangazi. Nati ya kwanza ilipita. Ya pili ikabana. Nilisema tuitoe, msimamizi akasema ni ugumu wa upya, akawasha mota. Ikaungua kama unavyosema. Nilirudi nyumbani nikiwa na harufu ya shaba mikononi na kumkuta shangazi amekaa sakafuni. Mzee alikuwa ameshakata roho. Sikuwa naye. Nilikuwa kule nikifunga skrubu yako.

Usijisumbue kuja.

Fundi

Kufulia, 13 Aprili

Kaka yangu,

Barua zako mbili, ile ya tarehe 18 na ya tarehe 2, nimezipata leo pamoja, kwa mkono wa mwenzangu tuliyekuwa tunakaa chumba kimoja. Mimi sikai bwenini. Nimeondoka huko tangu Novemba. Nilifeli mtihani uleule mara mbili, wakanipa mkono wa kwaheri. Barua zenu zilikuwa zinafika bwenini, yeye ananiletea anapopata nafasi. Likizo ilipoanza alikwenda kwao; ile ya tarehe 15 alimwachia mtu aliyechelewa kunifikishia, na ile uliyoandika "njoo" ikakaa kwa mlinzi, kwenye kisanduku chake cha mbao, mpaka aliporudi jana.

Ninapiga pasi mashuka ya hospitali. Ndiyo ile alama kwenye karatasi. Hakuna mwalimu aliyepitia hesabu yako. Niliifanya nikiwa nimesimama kati ya rundo na rundo, nikafurahi kwamba bado kuna mtu duniani ananiita Profesa na kuniuliza kitu. Mwalimu yeyote angeuliza kwanza, "Urefu wake?" Mimi sikuuliza kwa sababu nilitaka sana kuwa na jibu.

Siku anakata roho nilikuwa hapa, nakunja mashuka. Si mtihani ulionizuia, kaka. Hapakuwa na mtihani. Ningepanda basi mwezi wa pili, ningekaa kando ya kitanda chake mwezi mzima na zaidi, hakuna ambaye angenitafuta. Wewe ulinificha kuzidiwa kwake ili nisome, nami sikuwa nasoma. Sijui kilio cha jambo hili kinaliliwaje. Nimelia mpaka msimamizi wa hapa akanipeleka nje, kisha nikarudi kupiga pasi kwa sababu mashuka yalikuwa yanasubiri.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ya kutosha kunipitisha mazishi ya baba.

Sikuombi unisamehe. Naomba uniambie kitu kimoja tu, mwishoni alikuwa bado ananyoosha mkono? Na je, nije?

Mdogo wako

Karakana, 25 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa. Sina nguvu ya kukulaumu, na ningekuwa nayo ningeanza na mimi mwenyewe. Wewe ulinificha chuo, mimi nilikuficha urefu, kisha nikakuficha hali yake, na yeye nikamficha gia. Kila mmoja alidhani anamlinda mwenziwe.

Karakana imekwisha. Kiwanda kimepeleka habari kila mahali na mwenye jengo anataka chumba chake. Kerezo limeondoka jana kwa vipande, limenunuliwa na wauza vyuma chakavu. Nilijikuta nagonga ukuta kwa ngumi baada ya gari kuondoka. Sijui nilitaka nani awashe nini.

Leo asubuhi mimi na shangazi tulikuwa tunatoa kitanda. Seremala alishika upande wa miguuni, mimi kichwani. Tulipoinua, mguu mmoja ulitoka juu ya ubao, mwingine ukatoka juu ya lile tambara alilolifunga shangazi. Nikalisukuma kwa kiatu, halikusogea. Nikalifungua.

Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu, jino kwa jino, nimepiga magoti. Shangazi anasema aliichukua siku ileile tulipomtoa Mzee hospitali, aliiona nzito na bapa, inafaa. Yeye anajuaje gia. Anasema Mzee alikuwa kwenye kiti pembeni akimtazama, akawa anaguna, naye akadhani anasikia baridi, akamfunika blanketi.

Umeuliza kama mwishoni alikuwa bado ananyoosha mkono. Ndiyo. Shangazi anasema hata asubuhi ile ya Jumatano, wakati mimi nabeba skrubu kuitoa nje, alipiga ubavu wa kitanda na kuonyesha chini, mpaka mkono ukachoka. Hakuwa anakuuliza wewe, wala hakuwa anauliza urefu. Alijua kwa sauti ya kerezo kwamba nakata bila gia yake, na alikuwa amelala juu yake.

Ukitaka kuja, njoo kwa shangazi, huku kutakuwa na kufuli la mtu mwingine. Gia nimeirudishia tambara lake. Ni kitu pekee ambacho sikuwapa wauza vyuma, na sasa sina mashine ya kuifunga.

Kaka yako